Dole gumba la shahidi wa pili: siku tano kutoka Kongwa hadi Handali

Siku ya kwanza, Jumatatu

Nimeshuka Dodoma kabla ya adhuhuri. Treni ya mwendokasi, tangu ianze kuleta abiria mpaka huku Julai 2024, imetuondolea kisingizio sisi wa Dar es Salaam tunaosema nyumbani ni mbali. Upepo wa kiangazi ulikuwa mkali, vumbi linasukumwa barabarani kama mtu anafagia. Nikachukua bodaboda moja kwa moja hadi Kikuyu kwa shangazi, si mbali na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, mahali ambapo wenyeji wa umri wake bado wanapaita Mazengo.

Sikuja kutembea. Nimekuja kwa ajili ya karatasi moja.

Baada ya chakula shangazi alivuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda, akatoa bahasha, na ndani ya bahasha kitambaa cha kanga kilichokunjwa mara nne. Humo kuna cheti cha ndoa cha baba yake na mama yake, yaani babu na bibi yangu, kilichoandikwa Kongwa mwaka 1950. Nimekisikia tangu nikiwa mtoto, sikuwahi kukishika. Karatasi imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Pale ilipokunjwa imechanika, mtu akaunga kwa gundi ya karatasi, na gundi yenyewe imegeuka kahawia. Fomu imechapwa kwa Kiingereza, majina yamejazwa kwa mkono, kwa wino wa bluu na mwandiko wa kulala kidogo upande wa kulia.

Chini kabisa kuna mashahidi wawili. Wa kwanza ameweka sahihi, nzuri, ya mtu aliyezoea kalamu. Wa pili jina lake limeandikwa na mwandishi yuleyule wa fomu, na kando yake kuna alama ya dole gumba. Mistari ya kidole inaonekana upande mmoja tu. Upande wa pili wino umezidi, ni doa.

Majina yao sitayaandika hapa, wala ya babu. Wajukuu wao wapo na sijawaomba ruhusa wote. Nitawaita shahidi wa kwanza na shahidi wa pili.

Tatizo letu ni hili. Babu alifariki baba yangu akiwa bado shule, na hakuna aliyemuuliza vizuri alikotoka. Tunajua alikuwa Kongwa wakati wa mradi wa karanga. Tunajua mama yake alizikwa upande huohuo. Lakini huyo mama alitoka wapi, alikuwa binti wa nani, hakuna anayejua. Kwa Wagogo, jina la pili la mtu ni jina la baba yake, na mtoto wake naye atabeba jina la kwanza la baba. Ukipanda vizazi viwili, huna jina la ukoo la kushika. Upande wa akina mama ndiyo giza zaidi, maana karatasi nyingi haziwataji. Hata Uingereza iliyotutawala, cheti cha ndoa tangu Julai 1837 kilikuwa na nafasi ya baba wa bwana harusi, baba wa bibi harusi na mashahidi, lakini mama hakupata nafasi yake kwa England na Wales mpaka Mei 2021. Cheti cha babu nacho mama hayumo.

Marehemu baba yangu alikuwa na jibu lake. Shahidi wa kwanza ana jina la pili sawasawa na la babu, jina la Biblia. Kwa hiyo, alisema baba, huyo alikuwa kaka yake babu. Tumeishi na jibu hilo zaidi ya miaka thelathini.

Nimekipiga picha cheti, mbele na nyuma. Kesho Kongwa.

Siku ya pili, Jumanne

Nimeandika mengi leo kwa sababu leo ndiyo siku niliyosoma.

Stendi ya Nanenane saa kumi na mbili asubuhi kuna baridi ya kweli. Gari lilipita Ihumwa, Buigiri, Chinangali, Manchali, na Mbande tukaiacha lami ya Morogoro tukakata kuelekea Kongwa. Nilitaka kuona ile mbuga ambayo mwaka 1947 Waingereza waliamua itakuwa shamba la karanga. Walileta matrekta, mengine yakiwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa, wakang'oa miiba, wakajenga tawi la reli kutoka Msagali. Mvua haikuwa na habari nao, na udongo wa hapa ukikauka unakuwa kama saruji. Januari 1951 mradi ukafungwa. Lakini kwa miaka ile michache, vijana wa Ugogo wote walikuja Kongwa kutafuta mshahara, na si Wagogo peke yao. Mtu anayetafuta ukoo wake aandike hilo vizuri: pale penye kazi ya mshahara, watu waliopotezana hukutana.

Kanisa nilikoenda nilikuwa nimeshapiga simu kabla. Nilikuwa na barua ya serikali ya mtaa, nakala ya cheti na kitambulisho changu. Bila hivyo usitegemee kufunguliwa kabati, na ni haki yao, kwa kuwa vitabu vile vina mambo ya watu. Mchungaji alinipokea vizuri, akanikabidhi kwa mama mmoja mtunza ofisi ambaye alileta rejesta akiwa ameibeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

Kwanza nilitafuta ndoa ya babu. Ipo. Majina yaleyale, mashahidi walewale, tarehe ileile. Hapo ningeweza kufunga kitabu na kushukuru, na nadhani wengi hufanya hivyo. Lakini nilikuwa nimeamua kusoma ndoa zote za mwaka ule, safu ya mashahidi tu, kutoka juu hadi chini.

Ndoa 22. Shahidi wa kwanza wa babu yumo katika ndoa 14 kati ya hizo.

Niliona aibu kwa niaba ya baba yangu, halafu nikaona huruma. Nilimwonyesha mama mtunza ofisi, naye hakushangaa hata kidogo. "Huyo alikuwa mwalimu wa kanisa," alisema. "Alikuwa anakuwepo kila ndoa. Sheria inataka wawili, mmoja akikosekana anaitwa mwalimu." Kwao walikuwa watu wa Mpwapwa. Jina la Biblia alilolingana na babu lilikuwa bahati ya ubatizo, kwa kuwa misheni ilikuwa Mpwapwa tangu miaka ya 1870 na majina yaleyale machache yaligawiwa watu wengi. Basi kaka wa babu tuliyemlea miaka yote hiyo hakuwepo.

Shahidi wa pili, mwenye dole gumba, je? Ametokea mara moja tu. Ndoa ya babu peke yake.

Moyo wangu ulidunda. Mtu asiyejua kusoma, asiye na kazi kanisani, anaitwa mbele ya watu siku moja tu katika mwaka mzima kuweka kidole chake kwenye karatasi ya Wazungu, kwa ajili ya kijana huyu na si mwingine. Huyo hakuokotwa mlangoni. Huyo alikuja kwa sababu ni wa mtu fulani. Sisi tulimpuuza kwa kuwa hakuwa na sahihi.

Nikaomba rejesta ya ubatizo. Hapa ilikuwa kazi ngumu: mchwa walishaingia kwenye kurasa za mwanzo, na zile za 1946 na 1947 zimekuwa kama wavu wa samaki. Lakini 1948 inasomeka, na 1949 inasomeka vizuri. Nilimtafuta babu kwanza, sikumpata. Kama alikuwemo, ameliwa. Nikamtafuta shahidi wa pili kama mzazi wa ubatizo wa mtoto yeyote. Hayumo. Nikakaribia kukata tamaa, mpaka mama mtunza ofisi akasema, "Umetazama waliobatizwa wenyewe wakiwa wazima?" Sikuwa nimetazama.

Yumo. Alibatizwa mwaka 1949, mtu mzima. Jina la ubatizo, jina la baba yake la Kigogo, na kwenye safu ya nyumbani mwandishi ameandika neno moja: Handali.

Nimelirudia neno hilo njia nzima mpaka nyumba ya wageni. Handali iko upande wa Mvumi, kusini mwa mji wa Dodoma. Katika familia yetu hakuna mtu aliyewahi kuitaja.

Siku ya tatu, Jumatano

Siku nzima imeishia barabarani. Gari tulilopanda kurudi lilizima karibu na Mbande, fundi akaitwa, spea ikatafutwa Kibaigwa.

Kilichookoa siku ni mzee mmoja wa Kondoa aliyekaa nami chini ya mti. Nilipomweleza ninachotafuta alisema kwao Warangi ambao ni Waislamu, ukishika hati ya ndoa usiishie kwa mashahidi wawili, mtazame na walii, yaani anayemwozesha bibi harusi. Walii wa bibi harusi kwa kawaida ni baba yake. Kwenye hati ya wazazi wake, alisema, walii aliandikwa baba mdogo wa mama yake. Kwa hiyo alijua, bila kuambiwa na mtu, kwamba babu yake huenda alikuwa ameshafariki siku ya nikaha, na alipokwenda kuuliza kwa wazee wakamthibitishia. Alikuwa mwangalifu: baba anaweza kuwa hai akawakilishwa na mtu kwa sababu ya ugonjwa au safari. Karatasi inakupa swali, alisema, wenye jibu ni watu.

Nami nikamweleza la Wakatoliki, alilokuwa halijui. Kwenye rejesta yao ya ubatizo, pembeni mwa jina la mtoto, huandikwa baadaye kwamba amefunga ndoa, wapi na lini, hata kama ndoa ilifungwa parokia nyingine kabisa. Mtu aliyebatizwa Bihawana akaoa Itigi, pembe ya kitabu cha Bihawana inaweza kukutuma Itigi. Vitabu vya zamani vina Kilatini. Ukiona neno testes, hao ndio mashahidi, na kanisa lao linataka wawili mbele ya padre tangu karne ya 16. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inataka mashahidi wasiopungua wawili kwa ndoa yoyote, ya kanisani, ya msikitini, ya bomani au ya kimila, na shahidi asiwe chini ya miaka 18. Kwa hiyo hata vijana wanaofunga ndoa Jumamosi hii wanawaandikia wajukuu wao majina mawili ya kufuata.

Tulifika Dodoma usiku. Shangazi alikuwa ameweka ugali wa uwele na mlenda. Nilimwambia habari ya mwalimu wa kanisa, akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Na huyu wa kidole, jina la baba yake linasomekaje?" Nikamsomea. Akalirudia polepole. Hakuwahi kulisikia.

Siku ya nne, Alhamisi

Barabara ya Mvumi. Mibuyu haina jani hata moja, mizabibu imekatwa imebaki vigingi. Mvumi ni misheni tangu 1900, na hospitali yake inajulikana nchi nzima kwa matibabu ya macho. Hapo nilibadilisha gari, nikapanda bodaboda hadi Handali.

Sikwenda na jina la babu. Huu ni ushauri wangu kwa yeyote anayefuata njia hii: jina la babu yangu Handali halina maana, kwa kuwa yeye hakuwahi kuishi huko. Nilikwenda na jina la shahidi na la baba yake. Mwenyekiti wa kitongoji alilisikia, akamwita mama mmoja, mama akamwita mtoto, mtoto akatutangulia.

Mzee tuliyepelekwa kwake alikuwa ameketi juani kwenye kigoda, nguo nzito, fimbo magotini. Nilipiga magoti nikamsalimu. "Mbukwenyi," alisema, kisha akaendelea kwa Kiswahili alipoona Kigogo changu kinaishia hapo. Nikamtolea nakala ya cheti. Hakusoma. Nilimsomea jina la shahidi wa pili.

"Huyo ni baba yangu," alisema.

Nimejaribu kuandika hapa nilivyojisikia, nimefuta. Niandike alichosema.

Baba yake alikuwa na dada mmoja. Ilipokuja Mtunya, dada alikuwa msichana wa miaka kama kumi. Mtunya kila Mgogo anaijua japo kwa jina: ile njaa ya mwishoni mwa vita ya kwanza ya dunia, iliyoanza 1917 na kuburuza hadi 1920. Majeshi yalipita, kwanza ya Wajerumani, halafu kuanzia Julai 1916 ya Waingereza, na yote yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mvua ikakatika juu yake. Watu walikula mizizi, na watu waliwatoa watoto kwa wenye chakula ili mtoto apone na nyumba ipate debe la nafaka. Msichana huyu alichukuliwa na watu waliokuwa wakielekea mashariki. Baba yao aliahidi kumfuata mvua ikinyesha. Mvua ilinyesha yeye akiwa ameshakufa.

"Baba alipokwenda karanga mimi nilikuwa naanza kuchunga mbuzi," mzee alisema. "Walidhani amefuata shilingi. Alifuata shilingi kweli. Lakini kila mtu aliyefanya naye kazi alimuuliza, kwenu kuna mwanamke aliyeletwa wakati wa njaa akitokea Handali?" Akampata mwaka wa pili. Mama mtu mzima, mjane, ana kijana mmoja. Kijana huyo ndiye babu yangu.

Kwa hiyo shahidi wa pili alikuwa mjomba wake. Kwa Wagogo mjomba si mtu wa pembeni katika ndoa. Ng'ombe wa mahari haziendi wala haziji bila upande wa mama kuwa na fungu lake. Babu alioa huko Kongwa akiwa hana baba, na mjomba aliyepatikana juzijuzi akasimama. Naamini ndiyo maana alikubali kuweka kidole. Ubatizo wake wa 1949 nao nauona kwa jicho jingine sasa, maana alibatizwa mwaka mmoja tu kabla ya harusi ya mpwa wake, katika kanisa hilohilo. Mzee hakunithibitishia hilo. Alisema tu baba yake alirudi Handali na jina jipya.

Nikamuuliza kwa nini basi tulipotezana tena. Akanyoosha fimbo kuelekea kusini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, operesheni ya vijiji, watu walihamishwa kutoka kwenye tembe zao zilizotawanyika wakaletwa pamoja. Huko nyuma pamebaki mahame. Baba yake alikuwa ameshakufa, babu yangu alikuwa ameshakufa, na mtu wa Kongwa ambaye angekuja kuuliza angekuta mbuyu na vigae.

Tulikwenda kuyaona mahame kwa pikipiki mbili, mzee nyuma ya mjukuu wake. Hakuna kitu cha kuona kama hujui. Yeye alijua. Hapa zizi, hapa mlango, hapa jiwe la kusagia ambalo nusu yake bado imo ardhini. Nililigusa. Katikati limelika, limekuwa na bonde laini kama kiganja, na mzee akasema mama wa baba yake ndiye aliyelichimba hivyo kwa kusaga, na yule msichana alikuwa akimsaidia kabla ya kuondoka.

Siku ya tano, Ijumaa

Nimerudi Kikuyu asubuhi. Nimemsimulia shangazi yote, mara mbili, mara ya pili polepole. Nimeandika kwenye daftari: nani kasema nini, siku gani, kipi nimekisoma kwenye rejesta na kipi nimeambiwa. Hivyo viwili nimevitenganisha kwa rangi ya kalamu, kwa sababu baba yangu naye alikuwa na uhakika.

Saa kumi tukapiga simu Handali. Mjukuu wa mzee akapokea, akampelekea babu yake. Shangazi alianza kwa Kiswahili, "Shikamoo kaka," na baada ya hapo wakaingia kwenye Kigogo ambacho sijawahi kumsikia akikizungumza kwa kasi ile. Nilielewa maneno machache: ng'ombe, njaa, Kongwa. Halafu alinyamaza, akaniashiria nimpe kalamu.

Alikuwa anamuuliza jina la yule msichana, bibi yake, jina aliloitwa Handali kabla ya njaa. Si lile la Kongwa tulilokuwa nalo. Mzee alilitaja. Shangazi akamwomba alitaje tena, akaliandika, akalisoma kwenye simu, mzee akamsahihisha herufi moja. Akaandika upya.